Slaidi ya trela ikigoma msikimbilie kubadilisha mota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na nikizidisha maneno unisamehe mana hili jambo limenikaa kifuani toka mwezi wa kwanza. Mimi ni Mtanzania, kwetu Muheza, ila kwa sasa niko Texas na mke wangu ambaye ni nesi wa mikataba, wale wanaopelekwa hospitali moja kwa wiki 13 afu mkataba ukiisha wanahamia mji mwingine. Kupanga nyumba kila baada ya miezi mitatu ni mateso na hela haikai, kwa hiyo tukafanya kama wanavyofanya manesi wengi wa aina yake, tukanunua trela la kuishi, la mtumba, futi 28, tunalivuta na pikapu. Na sio sisi peke yetu. Kwenye hizi kambi za matrela nimekutana na Wakenya, Wakongo, Mrundi mmoja anayefanya kazi ya mabomba ya gesi, tukisikiana tu Kiswahili tunakaa kikao, na kila kikao lazima kiishie kwenye slaidi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona trela la namna hii, ni nyumba ndogo yenye magurudumu, ina jiko, choo, bafu na kitanda, ila barabara za majimbo mengi ya Marekani haziruhusu upana wa zaidi ya futi 8 na nusu, na kwenye upana huo ukishaweka kochi na meza hamna pa kupita. Ndo wakabuni slaidi. Kipande cha ukuta pamoja na kochi na meza ya chakula vinachomoka nje kama mtoto wa meza, unapata sebule, siku ya kusafiri unavirudisha ndani. Unabonyeza swichi, mota inasukuma, basi. Ni raha ikiwa nzima. Ikigoma ikiwa nje huwezi kuondoka, ikigoma ikiwa ndani friji haifunguki na kitandani hufiki, na ikigoma katikati, kama ilivyotukuta sisi, unabaki na ubavu wa nyumba uko wazi baridi inaingia na wewe unaangalia tu.

Ilikuwa Jumapili usiku, nje kidogo ya Amarillo, baridi ya kaskazini mwa Texas ile ambayo hata spana ukiishika inang'ata mkono. Mke wangu alitakiwa awe kazini New Mexico Jumanne asubuhi. Nikabonyeza swichi kuingiza slaidi, ikaja kama hatua moja, ikaanza kulia kwa uchovu, mmm mmm mmm, taa za ndani zikafifia, ikasimama. Nikabonyeza tena, ikalia kidogo. Tena, ikanyamaza kabisa. Nilibonyeza labda mara ishirini na hilo ndo lilikuwa kosa langu, nitalieleza mbele.

Asubuhi nikapiga simu sehemu moja wanauza na kutengeneza matrela, jina silitaji, wakamtuma fundi. Alibonyeza swichi mara mbili, akainama akachungulia uvunguni na tochi, mita ya kupimia umeme hakutoa, betri hakuigusa, akanyanyuka akasema mota imekufa. Mota mpya pamoja na kuifunga karibu dola 2,000, na mpaka iagizwe, tusubiri wiki tatu. Kwa kuja kwake tu akachukua dola 180. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya trela, sare za kazi amezikunja ziko mapajani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa baba watoto, tunafanyaje?" Sikuwa na jibu. Wiki tatu maana yake mkataba umepotea.

Aliyetuokoa ni jirani. Trela la pili kutoka letu alikuwepo mzee mmoja wa Kikongo, mwenyeji wa Uvira, amekuja kumtembelea mwanae anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Alitusikia tunavyoongea akaja na kofia yake ya sufu, nikamwamkia, akaitikia, akaniambia zamani alikuwa fundi wa malori. Nikamweleza yote. Akauliza swali moja tu, "Hiyo moteri ilikuwa inalia?" Nikasema ndio mzee, ililia mpaka ikachoka. Akasema, "Moteri yenye kulia haiyakufa. Masi yake iko wapi?" Nikashangaa, masi ndo nini, kumbe wao wametoa kwenye Kifaransa, ni ile sisi mafundi wa huku kwetu tunaita athi, waya wa hasi unaoshika kwenye chasisi.

Nikatoa mita yangu ya dola 20. Naeleza taratibu hapa mana ndo sababu ya kuandika barua yote hii. Tukapima betri bila kubonyeza kitu, volti 12.6, betri nzima. Mke wangu akabonyeza swichi mota ikiwa imeshapoa, betri ikashuka 12.1, hiyo ni kawaida kabisa. Mzee akasema sasa weka mita kwenye waya mbili zinazoingia kwenye mota yenyewe, abonyeze tena. Nikajikunja uvunguni kwenye barafu, nikaweka, nikasoma 7.9. Yaani betri inatoa 12 na mota inapata 8, volti nne zimepotea njiani, na mota iliyotengenezwa kwa volti 12 ukiipa 8 lazima ilie kama imebeba mlima. Akaniambia zitafute. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ncha ya pili kwenye chasisi, abonyeze. Hapo kama athi ni nzima mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Sisi ilisoma karibu 4. Zote zilikuwa zinaliwa hapohapo.

Nyuma ya mitungi ya gesi, kwenye ule mkono wa mbele wa trela, waya wa hasi umefungwa kwenye chasisi kwa kiskrubu kimoja kidogo, kimepakwa rangi juu, chini kote kutu. Mzee alikigusa kwa vidole, hakutumia hata spana, kikazunguka. Kikatoka na maganda mekundu kama ya mdalasini. Tukasugua na msasa mpaka chuma kikawa cheupe, tukasugua pia kichwa cha waya, tukaweka bolti mpya na washa yenye meno, tukakaza, juu tukapaka grisi kidogo maji yasiingie. Mke wangu akabonyeza. Slaidi ikaingia moja kwa moja, haikulia, kochi likaja mpaka mahali pake, taa hazikufifia hata kidogo. Bolti na washa jumla dola 6. Mzee alikataa hela kabisa, mke wangu akampikia kisamvu cha nazi, wao wanaita sombe, tukala tukiwa tumefunga mlango, na Jumatatu jioni tulikuwa barabarani.

Mota hiyohiyo iliyoambiwa imekufa ndo inayotusukumia slaidi mpaka leo naandika.

Sasa ndugu mhariri, wenzangu wengi hawatakutana na mzee wa Uvira. Ndo mana nataka haya mambo yakae kwa Kiswahili mahali fulani mtu ayasome kwenye simu akiwa amekwama.

Kwanza kabisa ni umeme, na umeme unaanzia kwenye betri. Betri ya kawaida ya asidi ikijaa, ikiwa imetulia, inasoma 12.6 mpaka 12.7. Ukikuta 12.0 hiyo imeshachoka, usiibonyezee slaidi, ichaji kwanza au washa pikapu ikiwa imeunganishwa na trela uache inguruma kwa muda. Ukibonyeza swichi na betri ikaporomoka mpaka 10, betri ndo mgonjwa wako, mota haina hatia. Kuna watu wameondoa betri kabisa, wanasema si tumechomeka umeme wa kambi, kuna kile kifaa kinachogeuza volti 120 kuwa 12. Kweli kinawasha taa na feni ya jiko. Ila slaidi inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri ndo inayoubeba ule mkupuo, ukiitoa slaidi inakuwa ya kusuasua, na zile za kompyuta, nitazieleza mbele, ndo kabisa zinachanganyikiwa. Angalieni pia ile swichi kubwa ya kukatia betri isije ikawa mtoto kaizungusha, fyuzi, na vile vidude vya kukata umeme vilivyofungwa karibu na betri, vyenyewe vingi vinajirudisha vikipoa. Na hapo ndo lile kosa langu la kubonyeza mara ishirini. Mota ikikwama inavuta umeme mwingi kupita kiasi, inapata moto, kile kidude kinakata, kimya, wewe unasema imekufa, kumbe imepumzishwa. Iache robo saa. Ukiendelea kuing'ang'aniza ndo unaiua kweli.

Kama unataka kujua mota ni nzima au la, chomoa waya zake kwenye swichi, zilete moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene. Ikizunguka, mota nzima, tatizo ni swichi au njia. Geuza chanya na hasi, itazunguka kinyume, hivyo ndivyo slaidi nyingi za mota moja zinavyotoka na kuingia. Msiende kuzipima hivi zile za mota mbili zenye kompyuta, hizo nazifikia.

Kingine, mota inazunguka vizuri unaisikia, lakini slaidi haisogei au inasogea upande mmoja. Hapo umeme haukuhusu tena. Slaidi za aina ya zamani, kama letu, zina vyuma viwili vyenye meno chini ya sakafu na gea inayotembea juu ya meno, na ekseli inayounganisha upande huu na ule. Kwenye hiyo ekseli kuna bolti au pini imewekwa makusudi ikatike kukiwa na mzigo usio wa kawaida, ili ivunjike yenyewe gea zipone. Ikikatika mota inazunguka bure. Ingia uvunguni na tochi, mtu abonyeze, angalia nini kinazunguka na nini kimesimama, utaiona. Nunua ya kipimo na ugumu uleule. Nimemuona mtu anaweka bolti ngumu ya lori akisema hii haitakatika tena, na ni kweli haikukatika, safari iliyofuata yakakatika meno ya gea.

Ila kabla hujabadilisha hiyo pini jiulize ilikatwa na nini. Kwenye trela la yule Mrundi ilikuwa ni kandambili ya mtoto. Iliingia chini ya sakafu ya slaidi ikiwa nje, pale ndani ukingoni ambapo sakafu inapanda juu ya vigurudumu, mwenyewe hakuiona, akabonyeza, slaidi ikapanda upande mmoja ikakwama, yeye akaendelea kushikilia swichi. Tuliitoa kwa koleo imebapa kama chapati. Toka siku hiyo mimi nikitaka kuingiza slaidi nalala chini na tochi naangalia ukingo wote, naangalia mlango wa kabati uliosahaulika wazi, afu napanda na ufagio juu ya paa la slaidi naondoa majani na vijiti, na wakati wa baridi barafu, mana barafu ikiganda kwenye raba za juu inazishika kama gundi na ukivuta kwa nguvu zinachanika.

Mzigo nao. Sisi tulikuwa tunaweka mchele na unga kwenye kabati la slaidi, gunia la ratili 50 la mchele, unga wa sembe tunaoununua kwenye duka la Waafrika Dallas tunapopita, maji katoni nne. Mke wangu ndo aliyenishtua, akasema kila ukijaza hilo kabati slaidi inainama. Tukahamishia vyote juu ya ekseli za trela, kwenye sakafu isiyotembea.

Sasa zile za mota mbili. Matrela mengi ya miaka ya karibuni yana slaidi ambayo mitambo yake imefichwa ndani ya ukuta, watu wengi wanaiita Schwintek. Kila ubavu wa slaidi una mota yake ndogo, imesimama wima, na kuna kompyuta ndogo inayohesabu mizunguko ya kila mota ili zende sawa. Hesabu ikipishana kompyuta inasimamisha kila kitu na kuwasha vitaa vyekundu na vya kijani. Mimi nimepigiwa simu na rafiki yetu mmoja Mkenya aliye Iowa, naye mke wake ni nesi, slaidi inaenda kombo, upande mmoja umetangulia kama kiganja. Nikamuuliza ukiitoa unaishikilia swichi mpaka wapi? Akasema nikiona imefika naachia. Basi ndo hapo. Hizi hazitaki kuachiwa mapema. Unashikilia mpaka slaidi ifike mwisho na mota zote mbili zisimame zenyewe, sekunde kadhaa baada ya wewe kuona imefika, ndo wakati kompyuta inapojua huu ndo mwisho wa pande zote mbili. Ukiachia nusunusu kila siku, tofauti inajikusanya kidogokidogo mpaka siku inakataa. Nilimwambia itoe mpaka mwisho, shikilia, ingiza kama inchi tatu, itoe tena mpaka mwisho, shikilia, rudia mara tatu nne. Ikanyooka siku hiyohiyo, hakulipa mtu.

Ikikataa hata hivyo, kuna kitufe kidogo kwenye ile kompyuta yenyewe. Unakibonyeza mara 6 harakaharaka, mara ya 7 unakishikilia kama sekunde 5 mpaka taa nyekundu na ya kijani ziwakewake pamoja, afu unarudi kwenye swichi ya ukutani unaingiza. Ila naomba mnisikie vizuri hapa, ukiwa kwenye hali hiyo kompyuta haizilindi tena mota, kwa hiyo lazima mtu asimame kila upande anaangalia, upande mmoja ukianza kutangulia anapiga kelele na wewe unaachia hapohapo. Na ikiwa hata hivyo haikubali, hizi hazina mahali pa kukrenki, yaani kuzungusha kwa mkono. Unafungua skrubu inayoshikilia kila mota, unazinyanyua juu ziachane na gea, afu watu wanne wanasukuma slaidi kwa mikono pande zote sawasawa, polepole, ikishaingia unazirudisha mota chini ili ziishike isitoke barabarani. Hilo la mwisho msilisahau. Slaidi isiyoshikwa ikitoka kwenye kona ya barabara kuu sitaki hata kufikiria.

Za gea za chini zina krenki. Tafuta kichwa cha nati nyuma ya mota, mara nyingi unakifikia kutokea uvunguni upande wa pili wa trela, weka boksi spana na racheti, au drili kama unayo, zungusha. Baadhi ya mota zina breki, kuna kiwenzo kidogo pembeni unakigeuza kwanza, na ukimaliza unakirudisha. Mimi ningejua hili Jumapili ile usiku ningeingiza slaidi kwa mkono ndani ya dakika ishirini na mke wangu angelala. Wenye trela hakikisheni mnajua krenki yenu iko wapi leo, mchana, jua likiwaka.

Zipo pia za kamba za chuma, kamba zinapita kwenye kapi kila kona na mnyororo ukutani. Hizo ukisikia kishindo kama cha waya wa gitaa unaokatika, simamisha. Kulegeza na kukaza ni kwa nati, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukikaza sana kona moja unaivuta slaidi nzima ipinde. Na za haidroliki, zaidi kwenye matrela makubwa na mabasi ya kuishi, angalia kwanza kiwango cha oili kwenye tenki la pampu na slaidi zote zikiwa ndani, nyingi zinatumia oili ileile ya giaboksi za otomatiki, ila soma kibandiko kabla hujamimina.

Kuhusu vibandiko, matrela mengi ya Marekani yanaundwa Elkhart, Indiana, na maeneo yanayouzunguka mji huo, lakini mara nyingi kiwanda kinachounda trela hakiundi slaidi, kinanunua mtambo kwa kiwanda kingine. Kwa hiyo usitafute kitabu cha trela tu, tafuta jina lililo kwenye mota au kwenye chuma cha meno, piga picha, hicho ndo kitabu utakachokihitaji.

Kusimamisha trela nako kunachangia. Trela likilala upande, slaidi inapanda mlima au inashuka mlima. Weka pimamaji sakafuni, nyanyua tairi za upande wa chini kwa kuzipandisha juu ya mbao, weka vizuizi vya matairi, ndo ufungue pikapu na kusawazisha mbele na nyuma. Zile jeki nne za kwenye kona kazi yake ni kuzuia trela lisitikisike, sio kulinyanyua. Ukilinyanyulia nazo chasisi inajipinda na tundu la slaidi linapinda nayo, afu unashangaa kona ya juu inakwaruza.

La mwisho ni maji, na hili linaniuma kuliko mota mana mota inabadilishika. Kuzunguka slaidi kuna raba, nyingine za kufuta maji slaidi inapoingia, nyingine za kubana ikishafika. Zinakauka kwa jua la Texas, zinapasuka. Zioshwe kwa maji na sabuni, zikikauka zipakwe dawa yake ya raba, sio grisi wala mafuta ya mashine, mafuta ya petroli yanaivimbisha raba inakuwa kama utumbo. Kwenye meno ya chuma pia msipake grisi nzito, inashika mchanga unageuka msasa, pulizeni ile dawa kavu ya silikoni. Raba ikishapasuka maji yanaingia kwenye ukingo wa sakafu ya slaidi, na ile sakafu ni mbao za vipande vilivyogandishwa kwa gundi, zikinywa maji zinavimba, zinaoza.

Tulienda na binamu wa mke wangu kumsaidia kununua trela, mwezi wa tatu. Ndani linang'aa, zulia jipya, linanukia. Nikamwambia shemeji subiri, nikatoka nje slaidi ikiwa wazi, nikalala chali chini yake, nikabonyeza kona ya nyuma kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Kikaingia mpaka kwenye kiungo, kilipotoka kimebeba unga mweusi uliolowa, unanuka kama kinu kilichoachwa mvuani. Muuzaji akasema ni kitu kidogo tu. Sakafu ya slaidi ikioza vigurudumu vinachimba ndani yake kila inapotembea, slaidi inakaa chini, inakwama, na mtu atakuambia mota imekufa. Shemeji aliondoka na hela yake mfukoni. Kwa hiyo anayetaka kununua asidanganywe na zulia, akague kona zote nne kwa chini, aombe slaidi itolewe na kuingizwa mara tatu mbele yake kwa betri, umeme wa ukutani ukiwa umechomolewa, na muda wote huo asikilize.

Ninawaheshimu mafundi, na mimi mwenyewe nimeshika spana toka nikiwa kijana, najua wapo wazuri wanaofika na mita mkononi. Ninachowaomba wenzangu Waswahili mlioko huku, fundi akikuambia mota imekufa, kabla hujatoa kadi ya benki muulize, kwa heshima tu, umesoma volti ngapi kwenye mota wakati swichi imebonyezwa? Akikutajia namba, mwambie akuonyeshe. Akikosa namba, hajapima, na wewe usilipe mota.

Wako msomaji,
Mtanzania wa Muheza, kambini Texas